Mbuzi wa Burat Hawahesabiwi

Jumatatu, 8 Septemba 1986

Mwalimu Mungania amenipa hii daftari. Upande wa mbele niandike mambo ya mwanangu Nakiru nyumbani, yeye atakuwa akisoma kila Ijumaa. Kuhusu huu upande wa nyuma hakusema kitu, kwa hivyo nimeugeuza na nimeuchukua mimi. Darasa la nne la kule misheni limenitosha kuandika barua za kumpelekea Lobokat, mume wangu, ambaye ni askari wa mlango huko Nairobi. Litatosha na hii.

Kuna karatasi pia. Inaitwa mpango. Darasa lina watoto wanane wa kusaidiwa na kila mmoja ana wake. Huu ni wa Nakiru peke yake. Nimeusoma nikiwa nimesimama katikati ya njia mpaka mtu wa mkokoteni akanipigia kelele. Mambo ni matatu. Afunge vifungo vya nguo yake mwenyewe. Aombe kitu kwa mdomo, asivute nguo ya mtu. Ahesabu mpaka kumi. Chini kuna ya mama: "Ukimuuliza, ngoja. Usimjibie."

Nilimuuliza mwalimu, "Na asipoweza?"

"Mama Nakiru, hata hatujaanza."

"Lakini asipoweza?"

Ndio akaniambia ukweli. Mwisho wa Novemba afisa anakuja kupima watoto. Anayesonga mbele anarudi Januari. Asiyesonga, kiti chake kinapewa mwingine, maana darasa lenyewe ni ile stoo ya zamani na wanaongoja nje ni wengi.

Nakiru ana miaka tisa, na katika hiyo yote niliyokaa naye hata haijai mkono. Alikuwa na mitatu nilipolazwa na kifua kikuu. Nakuam, mama ya Lobokat, akamchukua kwake Burat, nje ya mji, kwa mbuzi. Nilipopona sikumfuata. Nilisema ni kazi. Haikuwa kazi. Hapa mjini, plot ya Bulla Pesa, watu walicheka vile anatoa ulimi, na Burat hakuna aliyecheka, basi nikamwacha huko, mwaka ukafuata mwaka. Darasa lilipofunguliwa mwezi wa tano nilikwenda nikamleta. Analala ubavuni mwangu. Lakini anayemwita mama ni yule wa Burat. Mimi bado hajaniita kitu.

Jumatano, 10 Septemba

Kifungo kimoja, kile cha chini. Nilikalia mikono yangu miwili ili isimsaidie.

Ijumaa, 12 Septemba

Jioni anasimama kwa mlango wa plot akiangalia upande wa Burat, saa ile mbuzi hurudi. Hata nikimwita kwa chai ya maziwa hageuki.

Isnino, mwenye hoteli ninayopikia, alipita akamwona. "Teresia, huyu mtoto wako anangoja gari?"

"Anangoja mbuzi."

"Wallahi ana bahati. Mimi nangoja bwana mwaka wa kumi na mbili. Mbuzi angalau hurudi."

Nilicheka. Baadaye nilienda nikasimama nyuma ya Nakiru, nikaangalia pale anapoangalia. Ni vumbi tu na miti ya miiba. Nilitamani anisogezee bega.

Jumanne, 16 Septemba

Nimejaribu na maharagwe. Nikasema moja, akaangalia. Nikasema mbili, akaangalia. Nikaona nimfurahishe, nikamwambia, "Hawa ni mbuzi wa nyanya. Moja, mbili, tatu." Alilala juu ya maharagwe kwa kifua chake, akayafunika yote, akaniangalia kama mtu aliyenikuta nikiiba.

Ijumaa, 19 Septemba

Shuleni ni vilevile. Mwalimu anasema kila asubuhi akinyoosha kidole kuhesabu watoto, Nakiru anaingia chini ya dawati. Kwa karatasi ameandika: Kuhesabu, bado.

Jumatatu, 22 Septemba

Joto. Upepo umeweka mchanga kwa chapati, wateja wamelalamika.

Alhamisi, 25 Septemba

Amesema "maji." Kwa mdomo, kwa Kiswahili, bila kuvuta leso yangu. Nilimpa kikombe, akanywa, nikampa kingine ambacho hakuomba.

Ijumaa, 26 Septemba

Mwalimu Mungania ameuliza anapenda nini kuliko vyote. Nikasema mbuzi. Uso wake ukang'aa. "Sasa si tumepata! Kesho mpeleke Burat. Ahesabu mbuzi wakiingia bomani."

Kwa nini sikufikiria hivyo mimi mwenyewe?

Jumapili, 28 Septemba

Naandika ya jana.

Tulitoka asubuhi kwa miguu. Kabla hatujafika mto, Nakiru aliacha mkono wangu akakimbia. Huyu mtoto ambaye mjini anatembea kama anakanyaga mayai! Nilipofika bomani nilimkuta ameketi na Nakuam wanazungumza. Si maji, si ndiyo. Wanazungumza. Kiturkana, maneno mengi yakifuatana, mkono ukienda huku na huku, na Nakuam anajibu bila kushangaa, kama ni jambo la kila siku. Nilisimama jua likinipiga kichwani. Sauti ya mtoto wangu ni nzito kidogo, kama ya Lobokat. Sikuwa najua.

Jioni mbuzi walirudi. Nilikaa kwa mlango wa boma na Nakiru, nikanyoosha kidole. "Moja. Mbili."

Akanifunika mdomo. Mkono wake ulinuka maziwa. Nikautoa polepole, nikaendelea. "Tatu. Nne."

"Wewe!" Nakuam alikuwa amesimama nyuma yangu na kibuyu. "Unafanya nini na mbuzi yangu?"

"Mama, ni ya shule. Mwalimu amesema."

"Mwalimu ana mbuzi ngapi?"

"Sijui."

"Hajui na yeye. Yule anahesabu mbuzi ya mtu, anataka ipungue. Unasema tatu, unasema nne, unatangazia kila kitu inasikia hapa ya kwamba zimetosha. Kesho inakuja kuchukua."

"Sasa mama, bila kuhesabu unajuaje wote wamerudi?"

Akaniangalia kwa huruma, ndiyo iliniuma zaidi. "Wewe unajuaje huyu ni Nakiru? Ulimhesabu?" Halafu akasema peke yake, "Mtoto wa mpishi wa misheni." Ni kweli. Nimezaliwa mjini. Baba yangu alipika mkate, hakuwa na hata kuku.

Wakati sisi tunagombana Nakiru alikuwa kwa mlango. Kila mbuzi aliyepita alimgusa mgongo. Wa mwisho alipoingia akabaki anaangalia nje, akasema neno moja. Nakuam akaweka kibuyu chini.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Nangole hayuko. Yule ya paji nyeupe."

Nakuam akaenda, akamkuta amenaswa pembe kwa kichaka karibu na mto. Katika kundi lote, na sitaandika ni wangapi, mimi singejua hata wakikosekana watano. Mtoto ambaye karatasi inasema bado alijua kwa kiganja.

Kwa hivyo si kwamba hawezi. Anakataa. Tangu mpango uanze mimi na mwalimu tunamwambia afanye jambo la aibu, na yeye anakataa kwa adabu.

Jumatatu, 29 Septemba

Upande wa mbele nimeandika: Burat, hakuhesabu. Basi. Sikuandika kwamba alizungumza, wala ya Nangole.

Najua kwa nini. Wakisikia vile alivyo Burat watasema, sasa mama, huyu mtoto umemleta mjini kufanya nini?

Jumatatu, 6 Oktoba

Vifungo vyote, na kola ameikunja. Isnino amempa kaimati.

Jumanne, 14 Oktoba

Mawingu yalikuja mpaka juu ya soko, yakaangalia, yakaenda Meru.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mwalimu alisoma daftari, akaifunga. "Mama Nakiru, ya vifungo tumeshukuru. Lakini afisa ataangalia hii ya kuhesabu na ya kuzungumza. Akiwa hivi, mimi sitaweza kumtetea. Kule Burat hakuna kitu kingine uliona?"

"Hakuna."

Nilisema hakuna. Nakiru alikuwa ameshika leso yangu, na hajui nimesema nini.

Jumanne, 21 Oktoba

Nakuam ametuma neno na mama mmoja wa maziwa. Mbuzi mchanga amekufa. Nakiru aje wakati wowote anataka. Mimi nisije kwanza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua! Imeanza saa nane, kubwa, mabati yanapiga kelele mpaka Isnino ananifokea na simsikii. Wote tulikimbilia ndani, Nakiru tu alibaki nje kwa mlango wa plot, nguo imemganda mwilini, ameangalia kulekule. Nikatoka kumleta. Akaniangalia usoni, machoni kabisa, mara ya kwanza naweza kusema ameniangalia mimi. Akasema, "Nipeleke kwa mama."

Maneno matatu. Yamepangwa vizuri. Ameomba kwa mdomo, hakuvuta nguo. Ndivyo mpango unavyotaka.

Mwezi na nusu nimengoja huyu mtoto aniombe kitu, na aliponiomba, ameniomba nimwondoe kwangu.

Nikamwambia barabara ina matope. Akangoja. Nikamwambia mto umejaa. Akangoja tu, maji yakimshuka puani. Nikambeba nikamwingiza ndani. Ni mzito sasa.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Hakula.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Shuleni amekaa chini ya dawati siku nzima.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Leo hata hakusimama kwa mlango. Nilidhani nitafurahi siku atakapoacha kuangalia Burat. Amekaa anaangalia ukuta.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimesema yote.

Nilingoja watoto watoke. Nilianza na mbuzi kutohesabiwa, nikaenda kwa Nangole, nikamalizia na yale maneno ya mvuani. Mwalimu Mungania aliweka chaki chini. Alikaa kwa kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yake yakafika kidevuni.

"Na mimi kila asubuhi nawanyooshea kidole," akasema. "Mmoja, wawili, watatu. Ngai! Yeye anaona nawaita wafe."

"Hukujua, mwalimu."

"Sisi kwetu tuna kahawa. Kahawa unahesabu mpaka debe, hakuna anayekasirika." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Lakini wewe ulijua, mama. Tangu mwezi uliopita. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Nikakaa pia kwa kiti cha mtoto. "Niliogopa."

"Kuogopa nini?"

"Mtasema huko ndiko kwao."

Hakusema hapana. Nilitaka aseme hapana, nikangoja, hakusema. Alichukua mpango, akapiga mstari juu ya ile ya tatu, akaandika mpya: "Atambue nani hayuko." Halafu akasema kuanzia Jumatatu haragwe litakuwa haragwe. Hakuna wa kuliita mbuzi, na hakuna wa kunyooshea mtoto kidole.

Jumatano, 5 Novemba

Kwa maharagwe amesema moja, mbili, tatu. Bila shida! Nimeunguza mboga ya Isnino. Amesema atanisamehe Nakiru akifika kumi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nakuam amekuja mjini mwenyewe. Mwalimu alimtumia neno kumwomba ruhusa ya kuchora mbuzi wake, na nadhani mzee alitaka kuona mtu anayeomba ruhusa. Nilimpeleka mpaka darasani. Sijalala vizuri tangu nisikie anakuja.

Aliingia na fimbo yake na shanga zake zote. Mwalimu akainuka. "Ejoka, mama."

"Ejoka. Kiturkana umejifunza wapi?"

"Ni hiyo moja tu."

Akatandaziwa mezani karatasi za mbuzi ambazo mwalimu na Nakiru wamejaribu kuchora. Akazichungulia, akachukua moja, akaipeleka kwa mwanga. "Hii ni nani?"

"Ni Nakori," mwalimu akasema, "yule wa mabaka kama twiga."

"Amekonda. Hii ni mbuzi ya Meru." Watoto wakacheka hata yule ambaye huwa hacheki. Nakiru akachukua penseli kutoka kwa mkono wa mwalimu, akaongeza baka pale shingoni lilipokosekana. Nakuam akasema sawa, sasa ni yeye.

Tukitoka nikamwambia pole ya yule mbuzi mchanga. "Ilikuwa baridi," akasema. "Upepo ulimpata usiku. Nilikuwa nimekasirika tu."

Nilimshika mkono mpaka barabara ya Burat. Nakiru alishika ule mwingine, wake, si wangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Saba. Mvua imepungua. Majani yametoka hata kando ya choo.

Jumatano, 26 Novemba

Afisa amekuja leo. Madam Qabale, Mborana, mwembamba, buti zimejaa matope. Niliruhusiwa kukaa nyuma nisiposema kitu. Nilijifunga mdomo na leso.

Alitandaza karatasi za mbuzi. Akamwambia Nakiru afunge macho, akaficha moja. "Fungua."

Nakiru akaangalia. Muda ukapita. Nilitaka kufa. Mwalimu aliniangalia nisithubutu.

"Nakwang," akasema. Yule mweupe. Madam akaficha mbili pamoja. Nakiru akazitaja zote mbili, halafu akainuka akazitoa chini ya daftari ya Madam, akazirudisha, maana hakupenda zikae mbali.

Kwa maharagwe akafika saba, akaruka nane, akasema tisa, kumi.

Hapo ndipo Madam akachukua hii daftari, upande wa mbele, akasoma kurasa zote, hata zile nilizoandika upya baada ya kusema ukweli. Akauliza, "Sentensi nzima alisema wapi mara ya kwanza?"

Nikafungua leso. "Burat."

"Akicheka?"

"Burat."

"Akila vizuri?"

Nikamwonyesha ukurasa. Iliandikwa pale.

Akavua miwani. "Mama, kiti ni chake. Hilo limekwisha." Mwalimu alipiga meza kwa furaha. "Lakini mpango wa Januari ninaufikiria hivi. Alale kwa nyanya yake. Asubuhi aje na mama za maziwa, wanapita hapa karibu na shule. Jioni arudi nao. Akiwa na maneno kule, ataleta maneno hapa. Wewe utakuwa unaenda Jumamosi. Lakini ni mtoto wako. Bila sahihi yako siandiki."

Alisubiri. Mwalimu alisubiri. Hawa watu wa kungoja wameniweza.

Nilimfikiria Nakiru kitandani ubavuni mwangu, nikaona ni miezi sita tu na sasa imekwisha. Nilifikiria kusema hapana. Ningeweza. Wangeniachia. Kisha nikamwita Nakiru, akaja akasimama kati ya magoti yangu.

"Unataka kulala wapi?"

Nikangoja. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nilikuwa nimemwekea tayari, nikalimeza.

Akasema, "Burat."

Niliweka sahihi. Teresia Akuam, herufi zote, polepole, nisikosee.

Jumamosi, 29 Novemba

Shule imefunga. Tumefika Burat saa tisa na nguo zake kwa mfuko wa unga. Nakuam hakusema neno la kuonyesha amenishinda, alinipa chai tu, akaniwekea ngozi ya kukalia upande wenye kivuli.

Mbuzi waliporudi Nakiru alikuja akanishika kifundo cha mkono. Akanivuta mpaka mlango wa boma, akaweka kiganja changu juu ya mgongo uliokuwa unapita. "Nangole."

"Nangole," nikasema.

Mgongo mwingine. "Nakori."

"Nakori."

Akaleta mwingine, hakumtaja. Akaniangalia. Nikasema, "Nakwang."

Nakuam alicheka mpaka akakohoa. "Nakwang ni mweupe! Hiyo ni nyeusi kama sufuria! Mtoto wa mpishi, hata rangi?"

Nakiru hakucheka. Alingoja, mkono wake juu ya wangu, wangu juu ya yule mbuzi mweusi, mpaka mbuzi mwenyewe akachoka na sisi akaenda zake. Halafu akanirudisha kwa Nangole tukaanza upya.

Nimeshika watatu. Wa nne ananichanganya, ana dada yake wanafanana.

Alipoona nimechoka aliachilia mkono wangu, akafunga mlango kwa miiba, akaniambia, "Kesho."

Hakuniita mama. Alisema kesho, na alikuwa anasema na mimi.

Nilikuwa nimemwahidi Isnino nitarudi leo kukanda unga wa asubuhi. Nimekaa hapa kwa jiwe la nje naandika kabla giza halijaingia. Isnino atakanda mwenyewe.